Wendo Isiyo na Mwenyewe

Muthetheni,
14 Januari 2024

Mwanangu Winfred,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku tuko wazima, isipokuwa goti langu la kushoto ambalo limeamua kustaafu kabla yangu. Mvua ya vuli ilitutendea haki. Ndengu tumevuna, mahindi yanakauka uani, na baba yako Kisilu anapigana na mbuzi kutwa nzima. Juzi nilimkuta akimwelezea beberu amekosea wapi. Ndugu yangu huyo ameanza kuzeeka, lakini usimwambie nimesema.

Najua utauliza kwa nini nisipige simu. Simu ninayo. Lakini sikio langu moja halifanyi kazi, na watu wa simu husema "haya, haya" kabla sijafika kwenye jambo. Barua haiwezi kunikatiza. Tena ni mimi niliyekufundisha kuandika kwenye kaunta ya duka hili, na nataka kuona kama chaki yangu iliisha bure.

Sasa jambo lenyewe. Nilipita Kyumbi wiki jana nikaona bango kubwa kando ya barabara: WENDOVER IMERUDI. Winfred, nilisimama pale mdomo wazi kama mtu aliyekutana na marehemu. Unajua hadithi ya duka hili. Babu yako Kitheka alikuwa wa kwanza kuuza baiskeli za Wendover pande hizi, zikija kutoka Uingereza ndani ya masanduku ya mbao. Watu wetu waliposikia hilo jina walisikia neno lao wenyewe, wendo, yaani upendo. Wakasema Mzungu huyu ana akili, ameita baiskeli upendo. Hakuna aliyewasahihisha, na baba akaandika WENDO juu ya mlango kwa herufi ambazo zinasomeka mpaka leo. Kiwanda cha kule kilipofungwa, baba hakuuza tena baiskeli mpya. Tangu hapo tunauza spoku, tyubu na mafuta ya cheni.

Basi Linet, yule kiongozi wa wahudumu wa afya wa kijiji, amenijia. Wanazunguka nyumba kwa nyumba kwa miguu, mpaka viatu vinawacheka, na sasa kikundi chao kiko tayari kununua baiskeli kwa pamoja. Waliniuliza wachukue zipi. Nikawaambia wasubiri, Wendo imerudi, na mtoto wetu ni meneja palepale zinapotoka. Si ndiyo kampuni yako? Niandikie ziko namna gani. Nimewapa hawa akina mama neno langu, na nikitoa neno langu hapa Muthetheni ndilo duka lenyewe, maana vitu vingine vyote vilivyo humu ni chuma tu.

Shangazi yako,
Nduku


Mombasa,
4 Februari 2024

Shangazi mpendwa,

Kondakta wa basi amenifikishia barua yako na ndengu, na hakuiba hata moja, au aliiba kwa adabu. Nimefurahi mno. Pole kwa goti. Mimi ni mzima. Hapa Changamwe joto ni la kukukausha mate. Nimehamia chumba chenye dirisha, na Jumapili naimba kwaya, sauti ya pili, kwa sababu waliniambia sauti ya kwanza naipiga kama naita ng'ombe. Mwambie baba nimemtumia shati. Asimpe beberu.

Kuhusu baiskeli, kampuni ni kubwa na mimi sihusiki na mauzo. Nafikiri zile black mamba za kawaida bado ni nzuri na spea zake ziko kila mahali. Labda Linet na wenzake waangalie hizo kwanza. Joto limezidi, wacha niishie hapa.

Mtoto wako,
Winfred


Muthetheni,
25 Februari 2024

Mwanangu Winfred,

Hatujambo. Goti liko palepale. Shati limefika, baba yako amelivaa siku zote tangu lije, na beberu amekula kifungo kimoja tu.

Nimekuuliza Wendo, umenijibu joto. Nilikulea mwenyewe tangu mama yako alipotuacha, na najua ukinyamaza unanyamazia nini. Ukivunja sahani ulikuwa unaanza kusifu chakula.

Sikiliza nilipofika. Jumapili iliyopita, baada ya Misa, katekista aliniachia nafasi ya matangazo. Nikasimama mbele ya watu wote nikasema Wendo imerudi na itauzwa dukani kwa Kitheka. Watu walipiga makofi kanisani, Winfred. Wazee walilengwa na machozi, kila mmoja akitaja baiskeli ya baba yake. Mzee Ngui, mwenyekiti wa ukoo wetu, ambaye hajanisifu tangu nizaliwe, alinivulia kofia. Nimepaka mlango rangi mpya.

Kama kuna kitu, sema. Kama hakuna, nitumie bei.

Nduku


Mombasa,
17 Machi 2024

Shangazi,

Nakusalimu wewe na baba na wote wa nyumbani. Mimi sijambo kimwili. Wiki hii kwaya iliimba vizuri na mwenye nyumba ameziba paa. Hizo ndizo habari, na nimezimaliza haraka kwa sababu zilizobaki zinaniuma.

Mimi si meneja. Sikusema hivyo, wewe ndiye uliyesema, na mimi nikanyamaza kwa sababu ilinipendeza kusikia. Kazi yangu ni kubandika stika.

Fremu zinakuja kwa kontena kutoka ng'ambo. Ni nyeusi, zimefungwa karatasi, hazina jina lolote. Hata bosi hajawahi kukiona kiwanda zinakotengenezwa. Ndani ya godauni letu kuna meza ndefu na rafu yenye roli za stika. Karani anakuja asubuhi anasema leo hizi ni Wendover, nasi tunabandika Wendover. Kesho mteja mwingine akitaka jina lingine la zamani, fremu za kontena lilelile zinapata jina hilo. Kuna siku stika za Wendover zilituishia katikati ya kazi, na baiskeli zilizobaki zikawa kitu kingine kabisa baada ya chakula cha mchana. Jina lenyewe lilinunuliwa kwa makaratasi, kutoka kwa watu walionunua kwa watu wengine. Hakuna mtu wa kile kiwanda cha zamani aliyewahi kugusa hata nati yake.

Si takataka, Shangazi. Nataka ujue hilo pia. Keria ni nyembamba kwa barabara zetu na baadhi ya foki siziamini, lakini fremu ni chuma cha kawaida kama black mamba nyingine. Kilichoongezwa ni jina, na ndilo watu wanalolilipia.

Siku niliyobandika stika ya kwanza ya Wendover niliitazama muda mrefu nikiufikiria mlango wa duka. Halafu karani akaniita, nikabandika nyingine. Nisamehe. Ulisimama kanisani ukiniamini mimi, na mimi nilikuwa nimekaa huku na gundi vidoleni.

Winfred


Muthetheni,
26 Mei 2024

Winfred,

Umengoja, najua. Mvua imekuwa nyingi mpaka daraja la huku chini lilikatika, mbuzi mmoja amezaa mapacha, na baba yako anatembea kama aliyewazaa yeye. Goti leo sitalitaja.

Nilikasirika. Kwanza sikukuamini. Nilikwenda Kyumbi kwa yule muuzaji, nikainama mbele ya Wendover moja, nikaikwaruza stika kwa ukucha. Ikatoka yote. Chini yake hapakuwa na kitu. Muuzaji akaruka, "Mama, wacha kuharibu hiyo kitu!" Nikamwambia, "Nimeharibu nini, na baiskeli ni ileile?"

Nikarudi nyumbani. Sikukukasirikia kwa kubandika stika. Kazi ni kazi, na kama unabandika ubandike zinyooke. Nilijikasirikia mimi, kwa sababu nilikuwa nimekubandika umeneja bila kukuuliza, kama mtu mwenye roli yake mwenyewe nyumbani. Hilo nimelibandua. Nimemwambia katekista, nimemwambia Mzee Ngui, nimewaambia wa sokoni: mtoto wangu anabandika stika Mombasa, na ana mkono ulionyooka.

Kisha nikawaita akina Linet dukani nikawaeleza yote. Wengine walicheka, sitakuficha. Uso uliniwaka moto. Linet hakucheka. Alisema, "Sasa mama, hii ikivunjika tukiwa huko kwa milima, tunauliza nani? Mzungu alifunga akaenda. Huyu wa Mombasa hatumjui na yeye hatujui."

Baba yako, aliyekuja kununua misumari na hakuitwa na mtu, akasema kutoka mlangoni, "Kwani zamani mzinga ya nyuki mlikuwa mnauliza nani?"

Wewe mizinga uliyoikuta ni ya siku hizi, kwa hivyo nitakueleza. Mzinga uliotundikwa msituni ulikuwa na uvano, alama ya ukoo, ileile iliyochomwa kwenye ng'ombe na kukatwa kwenye mishale. Mzinga ungeweza kuchongwa na fundi wa ukoo wowote, na alama haikujali nani kachonga. Ilisema ni nani anaujibia. Mshale ukikutwa kwenye ng'ombe wa mtu, hawakutafutwa waliouchonga. Ukoo wenye alama ndio ulioitwa, na ukoo ulikwenda, hata kama aliyeurusha ni mjinga wao. Ya kwetu ni mistari miwili na nusu duara chini yake. Babu yako aliichora hata kwenye kiti chake.

Nikawaambia wale akina mama, "Mtaniuliza mimi." Winfred, nilisikia sauti yangu mwenyewe na nikaipenda.

Basi tutumie fremu zilizo uchi, bila stika. Wambua wa kuchomelea atakaza keria kwa nondo, na kwenye shingo ya kila baiskeli ataichora alama yetu kwa moto mpaka iinuke, mtu aweze kuisoma kwa kidole gizani. Mzee Ngui amekubali kwa niaba ya ukoo, baada ya kunihutubia mpaka chai ikapoa. Muulize bosi wako kama anauza kitu kisicho na jina.

Shangazi yako,
Nduku


Mombasa,
23 Juni 2024

Shangazi mpendwa,

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa, kisha nikalia kidogo na kwenda kazini. Hongera kwa mapacha wa baba. Mimi ni mzima na joto limepungua, kwa hivyo siwezi tena kulisingizia.

Bosi alicheka. Akasema, "Bila jina? Hiyo ni rahisi zaidi. Lakini nani atanunua?" Karani ndiye aliyehangaika, kwa sababu kompyuta yake haikubali mpaka jina liandikwe. Mwishowe akaandika HAKUNA. Kwenye risiti utaona umenunua baiskeli aina ya HAKUNA. Usishtuke.

Foki nilizichagua mwenyewe. Niliyoitilia shaka niliirudisha kwenye rundo nikachukua nyingine. Sikumwambia mtu yeyote hapa kwamba mnunuzi ni wewe. Hapa ukijulikana una jamaa mnunuzi, wanasema unaiba ili umpe yeye. Lori litashusha Kyumbi Jumamosi.

Winfred wako


Muthetheni,
15 Septemba 2024

Mwanangu,

Tuko salama. Mbaazi zimekuwa nyingi mpaka nawagawia wapita njia. Nimepata dawa ya goti, naipaka na kulitukana, na vyote viwili vinasaidia.

HAKUNA zimefika, zimefanyiwa kazi, na zinatembea. Ungeona siku ya kwanza! Akina mama walitoka dukani kwa mstari, kila mtu na begi lake la dawa kwenye keria, Linet mbele akipiga kengele bila sababu. Mzee Ngui alipitisha kidole kwenye kila shingo ya baiskeli akisoma alama kama kipofu, ingawa macho anayo. Nilijivuna, Winfred, nilijivuna mpaka nikaogopa kuungama.

Jaribu lilikuja mwezi jana. Baiskeli ya mama mmoja anayeitwa Wavinya ilipasuka foki akiteremka mlima. Hakuumia, Mungu ni mkubwa, alitumbukia kwenye mihogo ya watu. Akaja akiisukuma, watu wanamfuata kuona nitafanyaje. Sikuuliza alikuwa anakimbilia nini. Nikatoa foki ya akiba, Wambua akaitia palepale, na chai nikampa. Siku ile hakuna mtu aliyenunua kitu, lakini tangu siku ile wananunua. Wanatoka mpaka Matuu wakiulizia ile ya alama.

Tena wanaziita Wendo. Nimekataza nimechoka. Naona hilo jina halikuwa la Mzungu tangu mwanzo.

Nduku


Mombasa,
8 Novemba 2024

Shangazi,

Natumaini goti linatii na mvua imeanza vizuri. Mimi nakula, nalala, naimba. Nimechaguliwa mweka hazina wa kwaya, wamekosa mwingine anayeogopa dhambi.

Leo asubuhi karani alileta roli mpya kwenye meza yetu. Nikaifungua. Mistari miwili na nusu duara chini yake. Wameitia rangi ya dhahabu. Mmoja wa watu wetu wa mauzo alipita Matuu, akaona baiskeli zako, akaipiga picha alama. Karani alisema, "Hii inauza sana Ukambani. Bandikeni." Wenzangu wa zamu ya jana walikuwa wamekwisha kubandika kadhaa na lori limeshaondoka nazo.

Mimi nilisema tumbo linaniuma nikakaa nje. Nikinyamaza, baiskeli zenye hiyo alama zitavunjika njiani kwa watu wasiokujua, na watakuja kukutukana wewe mlangoni kwako. Nikisema, watagundua mimi ni nani na kazi imekwisha. Sijui nifanye nini. Niambie.

Winfred


Muthetheni,
20 Novemba 2024

Mwanangu,

Sote wazima, mvua nzuri. Usiiguse hiyo roli. Kula vizuri.

Nimemsomea Mzee Ngui barua yako. Aliuliza neno moja tu: huyo bosi ni wa ukoo gani? Nikamwambia, kwa alama aliyoweka kwenye mali yake, ni wa kwetu. Mzee alifikiri, kisha akacheka mpaka akashika ukuta. Yeye na wazee wenzake wanakuja kumsalimia ndugu yao. Mimi goti haliruhusu, lakini baba yako yumo. Ukiwaona usishtuke, na kama unataka kunyamaza, nyamaza. Hakuna atakayekutaja.

Nduku


Mombasa,
8 Desemba 2024

Shangazi mpendwa,

Salamu utapata kwa baba, nilimpa nyingi. Kwa sababu hukuwapo, na najua baba atakusimulia kwa maneno manne, nakuandikia yote.

Walipanda treni Athi River wakafika mchana: Mzee Ngui na koti lake la harusi, wazee wengine wawili, na baba katika shati langu lisilo na kifungo. Walikuwa na mtungi wa asali. Askari wa getini aliwauliza wanamtaka nani. Mzee akasema, "Tuko na ndugu yetu hapa. Ndiye mkubwa wa hii nyumba." Askari akampigia bosi kwamba familia yake imefika, naye bosi akashuka mbio akidhani kuna msiba.

Wakamsalimia wote, mkono kwa mkono. Mzee Ngui akampa asali. Akasema, "Tumefurahi sana. Hatukujua tuko na mtu Mombasa."

Bosi akasema, "Mzee, nafikiri mmepotea."

"Hapana." Mzee akaenda moja kwa moja kwenye baiskeli zilizokuwa zimesimama tayari, akaweka kidole kwenye ile dhahabu. "Hii ni alama ya ukoo yetu. Mtu akiweka hii kwa kitu yake, anasema yeye ni wetu. Sasa wewe ni wetu. Kukiwa na kilio, utaitwa. Baiskeli ikivunjika huko Kitui, mwenyewe atauliza wenye alama, na sisi tutakuita wewe, na wewe utakuja. Mkutano ya ukoo ni mwezi wa kwanza. Ukikosa, tunakuja tena. Tutalala kwako."

Bosi alicheka, akaangalia wenzake kama wanacheka, hawakucheka. Akasema, "Lakini mzee, hii ni stika tu."

Mzee Ngui akageuka polepole akaonyesha Wendover zilizokuwa upande wa pili. "Ile ndiyo stika," akasema. "Hii ni sisi."

Bosi akauliza kwa sauti, "Nani hapa anajua hawa watu? Nani aliwaita?" Wazee hawakunitazama. Baba aliangalia paa, akaliangalia vizuri kabisa, kama fundi anayetaka kulinunua. Angeweza kusafiri kurudi Muthetheni bila kunipa hata mkono, ili mimi nibaki na kazi yangu. Nilimwona ameshikilia ncha ya shati lake, na nikajua sitaweza kunyamaza.

Nikatoka nyuma ya meza. Nikasema, "Ni mimi. Hawa ni wangu. Huyu ni baba yangu, na alama ni ya babu yangu Kitheka." Sauti yangu ilitoka ileile ya kuita ng'ombe, Shangazi, na kila mtu alinisikia.

Bosi alinitazama, akaitazama asali mkononi mwake. Nadhani alikuwa anahesabu misiba. Akamwambia karani, "Toeni hizi zote. Roli mpatieni mzee." Kisha akapanda juu. Tulikwaruza stika mpaka jioni, wenzangu wote, na Mzee Ngui amekaa kwenye kreti akitusimamia kama shambani. Baba ndiye aliyekwaruza zaidi. Kila stika iliyotoka aliniangalia.

Bado nina kazi, mpaka leo. Bosi hupita mezani kwangu bila kusema neno, na karani ameanza kuniita mtoto wa ukoo, sijui kwa dharau au kwa hofu. Vyovyote iwavyo, naitika. Zile zilizoondoka na lori la kwanza hazikuweza kurudishwa, na hilo ndilo linalonisumbua. Zimo barabarani na sura yetu.

Mtoto wako,
Winfred Nzisa Kisilu


Muthetheni,
12 Januari 2025

Mwanangu Winfred Nzisa,

Tumsifu Yesu Kristo. Krismasi ilikuwa nzuri, tulikula kuku wawili na kumsema yeyote ambaye hakuwapo. Baba yako alisimulia Mombasa kwa maneno matatu, umemzidishia. Maneno yalikuwa "Mtoto alisema mwenyewe." Kisha akatoka nje kuwatazama mbuzi, akakaa huko muda mrefu.

Moja ya zile zilizokuponyoka imefika hapa. Jana mtu anayeitwa Mumo aliingia akisukuma baiskeli, ametoka mbali, ng'ambo ya Matuu, keria imekatika na gunia la mahindi amelibeba kichwani. Ile stika ya dhahabu ilikuwa inang'aa kwenye shingo ya baiskeli. Duka lilikuwa limejaa. Akina Linet walikuwepo, Wambua alikuwepo, Mzee Ngui alikuwa kwenye benchi lake. Mumo akasema, "Waliniambia nikiona hii alama niulize mama wa Muthetheni."

Wambua akaninong'oneza kwenye sikio ambalo halisikii, ikabidi arudie kwa sauti mpaka wote wakasikia: "Mama, hii si yetu. Hii ni ya uongo. Mwambie apeleke Mombasa."

Na ilikuwa kweli. Sikuiuza. Sikuichagua foki yake. Ningemweleza habari ya stika na watu wote wangenielewa, wangetikisa kichwa na kusema pole. Mumo naye angelirudisha gunia kichwani aende.

Nikamwambia Wambua aibandue ile dhahabu, akaze keria kwa nondo, aangalie foki, kisha aichome alama yetu palepale ilipokuwa. Watu walitazama cheche. Ilipokwisha Mumo alipitisha kidole, akaniuliza mbona namtengenezea kitu ambacho sikumuuzia.

Nikamwambia, "Si uliambiwa umuulize mama wa Muthetheni? Basi ni mimi."

Shangazi yako,
Nduku wa Kitheka